Kampuni Ilipoanza Kuipenda Dunia

Lifti moja kati ya mbili ilikuwa imefungwa kwa utepe wa kijani, na juu yake pamebandikwa tangazo: "Tunaipumzisha lifti hii kwa ajili ya dunia yetu." Tak Gyeong-ho alilisoma mara mbili. Kampuni inakufa, akajisemea.

Mgeni angeona ni jambo jema tu. Lakini Tak alikuwa amezeeka pale Seorim, na Seorim wanatengeneza chipu za kumbukumbu za kompyuta, biashara ambayo bei yake hupanda na kushuka bila kumuaga mtu. Bei ikiwa juu, taa huwaka mchana kutwa na hakuna anayekumbuka kwamba duniani kuna miti. Bei ikitaka kuanguka, ndipo wakubwa wanapoanza kuipenda dunia. Mara ya mwisho waliipenda kwa kupunguza joto la ofisini wakati wa baridi, wakaipenda kwa kupanda miti getini, na kabla miti haijashika mizizi watu mia mbili wakaambiwa kwaheri.

Waliowahi kuondoka walipata kona nzuri za kufungulia maduka ya kuku wa kukaanga, kimbilio la kila anayeachishwa kazi kule. Waliochelewa, kama rafiki yake Pyo, walipata chumba nyuma ya makaburi, na wafu hawanunui kuku.

Sasa shemeji yake alikuwa amepata chumba cha duka la kuku mbele ya kituo cha treni cha Suwon, na alitaka jibu kabla ya saa sita.

"Shemeji, unakuja hukuji?" aliuliza kwenye simu. "Kuna mwingine kasimama hapa, mafuta yake tayari."

"Nivumilie kidogo, nifikirie."

"Ufikirie nini? Utakufa na tai shingoni wewe."

Tak alipanda ngazi akitweta. Lifti ya pili ilikuwa inafanya kazi, ila tangu Machi daktari alishamkataza lifti kwa sababu ya kitambi, na mkewe Geum-ran alikuwa na njia zake za kujua nani kapanda nini. Alipofika ofisini kwake ghorofa ya nane alikunywa chai ya shayiri kutoka kwenye chupa aliyofungiwa nyumbani, akaketi.

Namba za mauzo zilizokuwa mezani, ambazo kazi yake ilikuwa kuzitabiri, zilikuwa nzuri. Wateja wa Marekani walikuwa wanazigombea chipu za Seorim kama sukari ya mgawo. Lakini namba zilishamdanganya mwaka ule wa miti. Matangazo ya kijani hayajawahi. Tena haikuwa lifti peke yake. Wiki iliyopita, alipozima taa ofisini ili asinzie kidogo baada ya chakula, kisha akashuka ngazi, akaona ghorofa ya saba nao wamekaa gizani, na ya sita vilevile. Umeme ulikuwa unabanwa kimyakimya. Dalili ya mvua ni mawingu.

Aliogopa, tena aliogopa sana. Binti yake alikuwa anaolewa Oktoba, mkopo wa nyumba ulikuwa haujaisha, na kwa umri wake hakuna kampuni ambayo ingemtazama mara mbili. Akaandika barua ya kuacha kazi, akaipeleka kwa Mkurugenzi Noh.

Mkurugenzi aliisoma, akainuka kwenda kufunga mlango.

"Hali ni mbaya kiasi hicho?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mkurugenzi, hilo si unalijua wewe?"

"Usinifiche, Tak. Tumetoka mbali mimi na wewe."

Tak akaona huo ni unafiki wa wakubwa, kumpiga mtu teke huku unamuuliza nani kampiga. Akainama kwa adabu, akatoka. Akiwa bado kwenye ngazi alimpigia shemeji yake: kishike hicho chumba, lipa kabisa, nakuja.

Kantini alikuta supu ya mifupa ya ng'ombe imegeuka maji na machipukizi ya maharage. Juu ya sufuria palikuwa na tangazo jipya: "Jumatano ya Majani, kwa ajili ya dunia yetu." Moyo wake ukatulia. Alikuwa amewahi.

"Mama Yun," alimwambia mpishi, "mimi leo naaga, kwa hiyo usinifiche. Nani kawaamuru mpunguze nyama?"

"Hakuna aliyetuamuru. Kwani hatuna macho?" Mama Yun alikung'uta upawa. "Hata msimamizi wa majengo kafunga lifti kwa akili yake mwenyewe. Mambo yakiharibika, asionekane alikuwa anachezea umeme."

"Lakini mmeona nini?"

"Tumeona mtu mzima na kitambi chake kaacha lifti, anajiburuta kwenye ngazi mpaka ghorofa ya nane. Kahawa ya bure haigusi, anabeba chai ya kwao. Mchana anazima taa, anakaa gizani kama aliyefiwa." Akamjazia bakuli, akamsogezea. "Sasa, Mkuu, kama wewe unayeitabiria kampuni nzima biashara yake umeanza kubana hivyo, sisi wa supu tungengoja nini?"