Shikamoo ya Sekela

Sekela aliingia na sahani ya wali akamkuta mama yake amekaa kitandani, simu ameishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto. Kwenye spika ilitoka sauti ya Sekela mwenyewe.

"Shikamoo. Hapa ni kampuni ya maji. Nikusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia, uso umechangamka. "Umekula?"

Ile shikamoo ilikuwa wazo la Sekela. Wakubwa wake kazini waliposema kampuni lazima iende na wakati, na kwamba mashine itajifunza kupokea simu kwa sauti ya Sekela, yeye ndiye aliyewaambia kuwa wazee hawatazungumza na kitu kisichowaamkia. Wakampigia makofi. Mashine ilipohitimu, wakamwachisha kazi.

"Samahani, sijakuelewa," simu ikasema kwa upole. "Tafadhali rudia."

"Nauliza, umekula?"

"Bado, mama," Sekela akajibu, akiweka sahani kitandani. "Nilikuwa nakusubiri tule."

Mama akamtazama kama mtu aliyekosea nyumba. Tangu kumbukumbu zianze kumtoka, ndivyo alivyomtazama kila siku.

"Hebu nyamaza, dada. Naongea na binti yangu, yuko kazini."

Sekela akakaa chini, karibu na miguu ya mama yake. Akasafisha koo, akaitafuta ile sauti ya kazini, laini, isiyochoka.

"Shikamoo, mama."

Uso wa mama ukachanua. Akainamia simu, akaisogeza karibu na midomo.

"Marahaba, mwanangu," akaiambia.