Bastola ya Mzee Orville

Curt Stenerson alizilaza bunduki za baba yake juu ya kaunta, moja baada ya nyingine, bila kumuuliza baba mwenyewe neno. Nne ndefu za kuwindia. Mwisho akaweka kasha dogo lenye bastola.

"Zote ziandikwe jina langu," alisema. "Leo."

Marlys Teigen alikuwa ameuza silaha na kuhamisha umiliki wake kwa leseni, dukani kwake katika jimbo la Montana, miaka kumi na moja. Haraka ya namna hiyo aliifahamu, na hakuipenda. Akamtazama mzee Orville, aliyekuwa na kofia mkononi. Miaka yote alikuja peke yake, msimu wa kulungu ukikaribia, kununua risasi na kupiga soga. Leo mwanawe alikuwa amemshika mkono juu ya kiwiko, kama askari na mahabusu.

"Mzee, wewe umekubali?"

"Amekubali," Curt alijibu.

"Nimemuuliza yeye."

Mzee aliinamisha macho. "Mtoto ameshaamua."

Marlys alitoa fomu. Kwa kuwa Curt anaishi jimbo la Washington, alimweleza, bunduki ndefu angeondoka nazo akipita ukaguzi wa rekodi zake za uhalifu. Bastola isingeruhusiwa kuvuka mpaka wa jimbo mkononi mwake. Ingebaki dukani, kisha itumwe kwa muuzaji mwenye leseni wa mjini kwake.

"Itabaki hapa? Kwenye sefu?"

"Kwani ningeiweka wapi?"

"Sawa. Ilimradi isirudi kule nyumbani."

Alipoombwa kitambulisho, alijipapasa mifukoni, kisha akatoka kwenda kukitafuta garini.

Mzee Orville alisogea mpaka kwenye kaunta.

"Amechukua funguo za gari langu," alisema taratibu. "Simu pia. Sasa na bunduki hizi. Nakaa peke yangu kule, binti yangu. Na kuna mwanamke alikuwa anaingia ndani kwangu. Anafungua makabati. Hata jina langu analijua."

"Curt umemwambia?"

"Anasema nimwache tu, hana ubaya."

Mama yake Marlys mwenyewe alinyang'anywa kila kitu na wanawe wawili wa kiume, mpaka kitanda, na yeye Marlys alijua baada ya mazishi. Akatazama nje. Curt alikuwa bado kainama ndani ya gari.

"Hii sijaiingiza kwenye kitabu changu cha silaha zinazopokelewa dukani," alisema, akifungua kasha. "Kwa hiyo bado ni mali yako. Risasi unazo?"

"Zipo mahali ninapopajua mimi Orville tu."

Mzee aliichukua bastola bila papara na kuitia ndani ya koti. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. Marlys akafunga kasha na kulisukuma chini ya kaunta.

Curt alirudi. Ukaguzi ulipita, akatia sahihi, akabeba bunduki nne mpaka garini. Hakuuliza tena habari za bastola, ila alipokuwa akimfungulia baba yake mlango aligeuka.

"Ahsante sana, mama."

"Mtunze baba yako," Marlys alisema bila kumtazama.

"Ndicho ninachojaribu."

Alasiri ile Marlys alifanya kazi kwa moyo mwepesi. Alifagia, akapanga masanduku ya risasi, akajitengenezea kahawa. Saa kumi simu ikalia. Alikuwa Curt, sauti yake imechoka lakini imetulia.

"Niko njiani narudi kwangu, nimesimama kuweka mafuta. Nataka tu kusikia kwamba ile bastola umeifungia. Mama yangu alikimbilia kwa dada yake tangu mzee alipoacha kumtambua, akamwelekezea mtutu wa bastola hiyo jikoni. Nimemwapia kwamba hakuna silaha iliyobaki mle ndani, ndipo akakubali kurudi. Nimemwacha hapo nyumbani sasa hivi, anampikia mzee."