Picha Tatu za Kuku

Fundi Makame aliitundika filamu dirishani. Bi Msimu aliikagua yote, kipande kwa kipande, asione kitu.

"Labda haijakauka," alisema.

Fundi akafungua mgongo wa kamera ya Bi Msimu, akabonyeza kitufe. Ikalia kama kawaida, lakini kipazia cha nyuma ya lenzi hakikufunguka.

"Mwanga haukuingia, mama. Hata mara moja."

"Mbona ililia? Nilimpiga picha Shaame amekaa kitandani, anacheka, nikaisikia."

Shaame, mwanawe wa pekee, alizikwa wakati wa masika. Filamu ilikuwa imebakiza picha tatu, na kwao filamu haipelekwi kusafishwa mpaka iishe. Jana hatimaye Bi Msimu alizimaliza kwa kuwapiga picha kuku wa jirani.

Fundi alikisukuma kipazia kwa ncha ya sindano, akabandika karatasi nyembamba mahali pa filamu. Mtaa ukatokea juu yake, mdogo, miguu juu kichwa chini.

"Sasa inaona," alisema.

Bi Msimu aliinamia karatasi. Watoto waliotoka chuo cha Kurani walikuwa wakipita, mmoja mmoja. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaielekeza vizuri mlangoni, akangoja wa kwake.