Kipimo Kinachodanganya

Samaki wa nne alikufa Jumanne, kabla ya chai ya saa nne. Mzee Shikanga alimtoa kwa kichujio cha chai, akamfunga kwa gazeti, akabaki ameshika kile kifurushi bila kujua akipeleke wapi.

Alibaki mmoja tu, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe.

Watu wa Amalemba walimcheka tangu mwanzo. Wenzake wakistaafu bandarini Mombasa hurudi nyumbani na gari. Yeye alirudi na bahari ndani ya tangi la kioo! Lakini yule samaki alichaguliwa na marehemu mkewe, mwaka mmoja kabla hajafariki, na Shikanga alikuwa ameapa kwamba hatakufa mikononi mwake. Hilo hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

"Na huyo naye amekufa?" Jescah, bintiye, aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa amekuja kujifungulia kwao, na sasa Isaiah mdogo alikuwa na wiki saba.

"Amekufa. Mtoto je?"

"Analalanga tu, Baba. Hata halii siku hizi. Na kucha zake sizielewi, zina rangi mbaya."

"Hiyo ni baridi ya Kakamega. Mfunge shali."

Akarudia kioo chake. Kwa mwezi mzima mambo yalikuwa yakimharibikia. Matumbawe yalikuwa yamegeuka meupe, mwani ukatanda kila mahali, samaki wakawa wanahema juu ya maji. Aliishuku chumvi. Bahari ya Kakamega hutengenezwa nyumbani: unapima chumvi maalumu, unaikoroga na maji safi, unasubiri siku moja. Alitupa ndoo ya kwanza ya chumvi, akaagiza ya kampuni nyingine, kisha ya tatu ikaja na basi kutoka Nairobi.

Jibu halikubadilika. Matone kumi kwenye kichupa cha maji, unga kidogo, tikisa, subiri dakika tano. Nyekundu. Naitreti nyingi mno, ile sumu itokanayo na vinyesi na uozo. Karatasi ya maelezo ilisema kiumbe akiishi na maji ya namna hiyo, damu yake huweza kushindwa kubeba hewa. Shikanga aliisoma mara mbili, akamtazama samaki wake, moyo ukamuuma.

Alimpigia simu Moraa, muuza chumvi.

"Mzee, chumvi yangu haina shida," Moraa alisema. "Wewe pima hicho kipimo chenyewe. Chukua maji unayojua ni safi kuliko yote hapo kwako. Yakigeuka mekundu hayo pia, jua kipimo kimeharibika. Kitupe, nitakutumia kingine."

Hilo lilimwingia akilini. Lakini maji gani? Mvua ilikuwa haijanyesha. Mfereji ulikauka tangu mwezi uliopita, ndipo akamwita Wandera, fundi wa visima, wakachimba chao nyuma ya nyumba, kule kwenye migomba. Pale paliwahi kuchimbwa choo, kikafukiwa zamani za babake, kwa hiyo udongo ulikuwa laini na kazi haikuwachukua siku nyingi. Maji yalitoka meupe hadi Wandera mwenyewe akayanywa kwa kiganja. Hata hivyo, maji ya kisima ni ya kisima, na Moraa alitaka yaliyo safi kuliko yote.

Macho yake yakaangukia themosi ya Jescah.

Maziwa ya Jescah yalikuwa yamekataa kutoka, naye akawa anamkorogea mtoto maziwa ya kopo. Maji ya kukorogea aliyachota mwenyewe kisimani, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayachemsha mara mbili mpaka yakabaki nusu sufuria. Hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa, hata kwa chai. Nyumba nzima haikuwa na maji safi kama hayo.

Shikanga aliyamimina kidogo, akayaacha yapoe. Matone kumi. Unga. Akatikisa, akakaa kutazama saa ya ukutani.

Yaligeuka mekundu kabla hata ya dakika mbili. Yalikuwa mekundu kuliko ya samaki.

Kwa mara ya kwanza mwezi huo, mzee alicheka kwa sauti.

"Mwongo mkubwa wewe!" alikiambia kile kichupa. Mwezi mzima wa hofu, na ndoo mbili nzuri za chumvi zimetupwa bure, kwa sababu ya takataka kama hii! Alikitupa kipimo na karatasi yake kwenye pipa, akaenda kisimani kuchota maji mengine ya kukoroga.

"Jescah!" aliita aliporudi. "Chukua themosi yako. Kumbe maji hayana shida yoyote. Ni kipimo tu kilikuwa kinanidanganya."

"Heri, Baba," Jescah alisema. Akakoroga chupa ya mtoto, akaingia nayo chumbani.

Shikanga alivuta kiti karibu na kioo. Samaki alikuwa juu kabisa, mdomo unafunguka na kujifunga. Aliweka kidole kwenye kioo mbele yake.

"Vumilia kidogo," alimwambia. "Huna ugonjwa wowote."

"Baba, kuja!" Jescah alipiga kelele kutoka chumbani. "Hataki kunyonya! Nimemfunga shali mbili, mwili una joto, na midomo yake imegeuka buluu!"