Fremu ya Sudi

"Mwenye kuipanda baiskeli hii yuko wapi, dada, nimpime?" fundi Kombo aliuliza.

"Yuko mbali. Wewe andika tu." Mashavu alikuwa mshonaji, na suruali zote za mumewe, Sudi, alizishona yeye. "Mguu kwa ndani, inchi thelathini na mbili. Mkono, ishirini na tano."

"Lo! Unamjua mtu wako."

"Mwaka wa pili huu, kafuata timu ya polo ya baiskeli. Hata salamu haleti. Nitampelekea."

"Basi fremu nitaifupisha nyuma. Akifukuza mpira, igeuke papo hapo."

Mashavu akalipima bomba la nyuma la fremu kwa futi yake ya kushonea, akarudisha kidole nyuma kidogo.

"Kata hapa, fundi. Nataka igeuke upesi zaidi, irudi nyumbani."

Fundi akashika msumeno. Kidole hakikuondoka juu ya chuma.