Rangi ya Parmuat

Jiwe la kwanza lilimpata mwalimu Ndambuki juu ya sikio. Kabla hajajua limetoka wapi, la pili likamvunja miwani. Dakika tano tu zilizopita alikuwa amesimama kwa adabu ndani ya hema la mkutano, kando ya soko la mifugo la Kitengela, mkono juu, kama anavyowazoeza wanafunzi wake wa historia.

Mdomo ndio uliomponza. Pasta Gichuru alikuwa amegawa kijitabu, akasoma kwa sauti kubwa kwamba Hitler na genge lake walikuwa mashoga, kwamba ushoga ndio uliozaa mauaji yote yale, na kwamba mashoga wa hapa, wakiachwa, watawaua watu vivyo hivyo. Watu wakaitikia amina. Mtu anayejipenda angeitikia naye, akaenda zake kunywa chai. Ndambuki akainuka.

"Pasta, historia haiko hivyo. Mkubwa wao mmoja ndiye alikuwa hivyo, na Hitler mwenyewe akaamuru auawe. Mashoga wengine walifungwa kambini, wakashonewa pembetatu ya pinki kwa nguo ndio wajulikane. Wengi hawakutoka."

Kisha Roda, mama muuza mitumba, akaruka juu ya kiti.

"Anawatetea! Basi huyu pia ni wao!"

Hapo mwalimu akakiona cha mtema kuni. Walimburuta nje kwa tai yake, wakampiga mateke ya mbavu, ya mgongo, ya uso. Jino likamtoka, akalimeza. Mtu alipitisha tairi kuukuu juu ya vichwa, mwingine akawa anaulizia petroli. Ndambuki aliita jina la mkewe, Mwelu, aliyekuwa akingoja unga alioahidiwa asubuhi ile.

"Tokeni hapo!"

Umati ukapasuka kati. Alikuwa Parmuat, dalali wa kondoo, pande la mtu, rungu mkono wa kulia na kopo la rangi mkono wa kushoto. Sokoni pale kila dalali ana rangi yake. Akishampaka mnyama mgongoni, amemnunua, na mwingine atakayemgusa ni mwizi, hata akiwa kakake. Rangi ya Parmuat ilikuwa pinki, na hakuna aliyewahi kuicheka mbele yake.

Alishusha rungu. Wenzake walikuwa wakilenga kichwa. Yeye alipiga mapaja na makalio, kwa nguvu zake zote, mpaka mwalimu akalia kama mtoto. Kisha akachovya brashi, akampaka mstari mmoja mnene kutoka kisogoni hadi kiunoni.

"Nimeshapaka," alisema. "Huyu ni wangu."

Mikono ikashuka. Mwenye tairi akaliweka chini. Wala haikuwa huruma. Kila mtu aliwakumbuka Oscar na Lemein, vinyozi wawili waliokuwa wakiishi chumba kimoja nyuma ya soko. Mwezi uliopita walipakwa vivi hivi, wakarushwa kwa pikapu ya Parmuat. Kesho yake mashati yao yalikuwa yakining'inia kwenye ua wa soko, yameganda damu, na tangu siku hiyo hakuna aliyewatia machoni.

"Hata huyu utatuletea shati yake?" Roda aliuliza.

"Kesho asubuhi."

Walimpigia makofi.

Ndambuki alilala nyuma ya pikapu hiyo, kati ya kondoo, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, jicho moja limeziba. Walipita Isinya. Kabla ya kufika Kajiado mjini pikapu ikaiacha lami, ikaanza kurukaruka kwenye mawe na miiba. Alisali, kisha sala ikamwishia. Alijuta. Kusema kweli alijuta kila neno, hata lile la pembetatu, na akajionea aibu kwa kujuta. Ukweli ule haukumfufua mtu hata mmoja, na sasa ungemwacha Mwelu mjane.

Pikapu ilisimama ndani ya boma la miiba lenye nyumba moja ya mabati. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Parmuat alimvuta chini kwa mguu, akamvuta pia kondoo mmoja, kisha akatoa kisu na kukinoa juu ya jiwe, taratibu, kama mtu ambaye ameifanya kazi hii mara nyingi. Akakata kamba ya mikono.

"Vua shati."

"Mzee, niko na bibi. Niko na watoto wawili."

"Vua, mwalimu. Jua inaenda."

Vidole vilikataa vifungo. Parmuat akavikata kwa ncha ya kisu. Ndambuki akapiga magoti kwenye samadi na kufumba jicho lake zima. Alisikia hatua, akasikia pumzi nzito karibu na shingo yake, kisha koo likapasuka, na damu ya moto ikamrukia mapajani. Alingoja maumivu. Alingoja sana.

Alipofumbua jicho, kondoo alikuwa akirusha miguu chini. Parmuat alikuwa amekinga shati shingoni mwa mnyama, analigeuza huku na huku kama mama anayefua, ili lilowe pande zote mbili.

Mlango wa nyumba ya mabati ukafunguka. Wanaume wawili walitoka, mmoja na kikombe cha chai, mwingine na mkasi wa kinyozi mkononi.

"Usiisugue na mafuta ya taa, mwalimu," alisema Oscar, akimwekea chai mkononi na kuinamisha kichwa amwonyeshe kisogo chake, kilichokuwa bado na pinki kidogo. "Inatoka tu yenyewe, polepole."