Zamu ya Shekuwe

Kila Ijumaa kiwandani, mfanyakazi mmoja hugusa sinia, na ugali wa kampuni hupata ladha anayoipenda kuliko zote. Wenzake huila, naye ladha hiyo humtoka, asiionje tena. Wakubwa waliotunga sheria hiyo hula chumbani kwao, mlango umefungwa.

Shekuwe alibakiwa na kitu kimoja cha marehemu mkewe: ladha ya samaki wake wa nazi. Zamu ilipomfika, alijikaza awaze muhogo. Lakini mvuke ulipopanda, ulinukia nazi.

“Babu wee!” Tausi akalamba vidole. “Kapika nani huyu?”

“Mke wangu.”

“Basi sogea, mzee, tutakumalizia!”

Wote walifumba macho, wakitabasamu kama wageni waliokaribishwa nyumbani kwake. Shekuwe akamega tonge, akatafuna taratibu.

Ulikuwa ugali tu.